Mtu, Raia na Mwananchi katika Somo la Uraia

Istilahi za Katiba hazikuwekwa kwa kupamba maandishi. Kila moja ina kazi yake. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza maneno matatu ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni visawe: mtu, raia na mwananchi.

Hapo zamani shule zetu zilifundisha Elimu ya Siasa. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, mahali pake pakashikwa na somo la Uraia. Jina hilo lina utata, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hulitumia neno lilo hilo kwa maana ya hadhi ya mtu kisheria katika nchi. Basi ni rahisi mwanafunzi kudhani kwamba kila haki inayofundishwa katika somo hilo ni ya raia peke yake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haisemi hivyo. Haki zilizoingizwa humo mwaka 1984 zimegawanywa kwa uangalifu. Ibara ya 14 humpa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 18 humpa kila mtu uhuru wa maoni. Lakini ibara ya 5, juu ya kupiga kura, na ya 21, juu ya kushiriki katika utawala, humtaja raia. Ibara ya 22 hutumia yote mawili: kufanya kazi ni haki ya kila mtu, ila fursa sawa ya kushika nafasi chini ya Mamlaka ya Nchi ni ya raia. Ibara ya 8 nayo hutaja wananchi, maana hapo hazungumziwi mtu mmoja mmoja, bali umma ambao Serikali hupata madaraka yake kwao.

Matumizi ya mitaani huongeza ugumu. Mtoto wa Mbagala au Tandale husikia watu wakisema “polisi na raia”, akaelewa kwamba raia ni mtu asiye askari. Asipoelezwa, atadhani askari hana uraia. Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: mwalimu akifundisha kwamba haki ya kuishi ni ya raia, huku darasani ameketi mtoto wa mkimbizi, amemnyang'anya mtoto huyo hifadhi ambayo Katiba imempa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi wa vitabu wanukuu neno la ibara yenyewe, wasilibadili kwa kuogopa kurudiarudia. Pili, wafasiri wasitie raia pale palipoandikwa mtu. Tatu, kabla ya kuuliza “haki gani?”, mwalimu awazoeze wanafunzi kuuliza “haki ya nani?” Neno moja likikosewa darasani, litakosewa kesho ofisini, na atakayeumia ni mtu aliyekwenda kudai haki yake.