Kaswida za Kibandani na Haki ya Mwimbaji

Ndugu msomaji, mwezi wa Mfungo Sita unapokaribia, nyumba nyingi huanza kutafuta kaswida za maulidi. Ukipita Tandika, Mbagala, Manzese au Mwananyamala, utamkuta kijana kibandani na kompyuta yake. Umpe simu au flashi, naye akutilie kaswida, taarabu na mawaidha, mamia kwa mara moja, kwa fedha isiyotimia nauli ya kwenda mjini na kurudi. Mwenye intaneti hana haja hata ya kibanda, hupakua mwenyewe hali amelala kitandani. Na katika wote hao, ni nani aliyekwenda kumwuliza mwimbaji?

Wapo wasemao kwamba jambo hili sheria ingeliruhusu tu, kwa kuwa limekwisha enea na halizuiliki. Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu wazima wenye kushika sala, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kuenea kwa jambo si dalili ya uhalali wake. Upunjaji wa mizani ulienea kwa watu wa Madiani, wala Nabii Shuaibu hakuwaachia kwa sababu ni wengi.

Wengine hupita njia ya werevu zaidi. Husema: muziki wenyewe una khitilafu baina ya wanavyuoni, na wako waliouharamisha kabisa, basi kitu cha haramu hakina mwenyewe, na akitwaaye si mwizi. Subhanallah! Mtu huyu angekuwa anaufuta muziki simuni mwake tungemsikiliza. Lakini yeye anaupakua ili aucheze! Wimbo ukiingia sikioni mwake ni halali, ila ukitaka kuingiza senti mfukoni mwa mwimbaji ndipo unapokuwa haramu. Hiyo si fikihi, ni kupenda cha bure. Tena hoja yake haigusi kaswida wala darsa, ambazo mwenyewe anakiri kuwa ni za kheri.

Hoja yenye uzito ni ya wale wasemao kwamba elimu haifichwi. Kweli, Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali mwenye kuulizwa elimu akaificha, na wako wanavyuoni wakubwa, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, ambao hawakukubali kuwa haki ya mtunzi ni kitu cha kuuzwa. Rai hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ilikata shauri kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zimekuwa na thamani ya mali katika zama zetu, kwamba sharia inazihifadhi, na kwamba haijuzu kuzivamia. Na kabla ya mashine zote hizi, Imam Ghazali, akizungumzia uchaji, ameeleza kuwa Imam Ahmad bin Hanbal aliulizwa juu ya mtu aliyeokota karatasi yenye hadithi: je, anakili kisha airudishe? Akajibu, la, aombe idhini kwanza ndipo anakili. Karatasi ya hadithi hiyo, ndugu yangu, si ya nyimbo za mapenzi.

Kutoificha elimu ni kumfundisha anayekuuliza. Hakumlazimu ustadhi wa madrasa alipe studio, awashonee watoto kanzu, awapandishe basi kwenda kurekodi, kisha mtu baki achume kwa jasho lao. Maana kijana wa kibandani hatoi bure, anauza! Nasi tunaosema tumepata cha bure tumemlipa asiyestahiki, tukamnyima anayestahiki.

Zamani mlango huu haukuwepo. Enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, mwenye kuitaka sauti yake nyumbani hakuwa na njia ila kununua santuri. Kaseti ndiyo iliyotufungulia kunakili majumbani, ikaja CD, na sasa simu. Lakini wanyonyaji hawakuwa wa vibandani peke yao. Kariakoo walikuwako wasambazaji walionunua kazi ya msanii kwa mkupuo mmoja, hata asijue zimeuzwa nakala ngapi. Wanaopiga kelele juu ya wizi wa watoto wa mitaani wangeanza na hao.

Sheria ya nchi haina kimya. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Ile ya Bara humlinda mtunzi maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hapo sisi tunaosomesha mirathi yatupasa tutulie: anayenakili na kuuza wimbo wa marehemu huenda anakula mali ya mayatima. Na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ya idhini. Kesi ile ikapanda ngazi za rufaa, lakini hakuna tena awezaye kusema kuwa wimbo ni upepo usio na thamani.

Basi sioni njia ya kuhalalisha utwaaji huu, wala simtii hatiani anayesikiliza pale mwimbaji mwenyewe alipoweka kazi yake isikilizwe. Idhini ndiyo inayotenga. Lakini nyumba nyingi za Temeke hazina cha kununulia, na kwa hao sisi tuna dawa yetu ya kale. Tumeweka wakfu visima, misahafu na majamvi. Mwenye uwezo na ailipe madrasa gharama zake zote za kurekodi, kisha kaswida iwekwe wakfu, itamkwe hivyo mwanzoni mwa sauti yenyewe, kila mtu anakili apendavyo. Na kijana wa kibandani aandike ubaoni pake: hizi za wakfu, hizi mpaka mwenyewe alipwe.