Upana Kwanza: Hesabu ya Ubao wa Kupigia Kafi kwa Kusimama

Katika vipimo vitatu vinavyoandikwa juu ya ubao wa kupigia kafi kwa kusimama, yaani urefu, upana na unene, wauzaji aghalabu hutanguliza urefu; na wanunuzi, kwa kudhani kwamba kilichotangulizwa ndicho kilicho bora, hurejea nyumbani na ubao mrefu, mwembamba, wenye omo kali, ambao baada ya majuma machache huegemezwa ukutani usiingie tena majini. Kosa haliko katika maungo ya mwanafunzi wala katika mchezo wenyewe, bali katika hesabu ambayo haikufanywa kabla ya fedha kutolewa. Nayo ni hesabu nyepesi, inayoweza kufanywa na yeyote ajuaye kuzidisha na kugawanya, na matokeo yake, kwa rai yangu, ni kwamba anayeanza hununua upana kwanza, unene pili, na urefu mwisho.

Mchezo huu, kwa sura tunayoijua leo, asili yake ni visiwa vya Hawaii. Katika ufuo wa Waikiki, miaka ya 1940, walimu wa kuteleza juu ya mawimbi, miongoni mwao Duke Kahanamoku, aliyekuwa amekwisha kushinda nishani za dhahabu za kuogelea katika Olimpiki, pamoja na ndugu wawili, Leroy na Bobby AhChoy, walikuwa na desturi ya kusimama juu ya mbao zao na kujisukuma kwa kafi la mtumbwi, kwa sababu aliyesimama huliona wimbi tangu likiwa mbali, na huweza kuwachunga wanafunzi wake wote kwa pamoja. Desturi hiyo ikafifia, hata katikati ya miaka ya 1990 Laird Hamilton na Dave Kalama wakaihuisha katika kisiwa cha Maui, na namna walivyoihuisha yastahili kuangaliwa kwa makini. Hawa walikuwa mabingwa wa mawimbi makubwa, na bado hawakuchukua ubao mwembamba wa kasi. Walichukua mbao kubwa zilizoundwa kubeba watu wawili. Sababu ni dhahiri: ubao wa mawimbi huinuliwa na mwendo, ilhali ubao uliotulia juu ya maji matulivu hauna cha kuuinua ila ujazo wake wenyewe. Makafi ya mitumbwi waliyoanza nayo yalikuwa mafupi mno, maana yamekatwa kwa kipimo cha mtu aliyeketi, ikabidi yaundwe mengine marefu zaidi.

Msomaji wa pwani yetu atasema, na atakuwa na haki, kwamba kusimama juu ya chombo chembamba si jambo geni kwetu, kwani wavuvi wamekuwa wakisimama mtumbwini na kupiga pondo juu ya miamba tangu enzi zisizokumbukwa. Lakini pondo hugusa chini, na kwa hiyo humpa mpigaji mguu wa tatu juu ya ardhi. Kafi haligusi chini, na nguvu linayoitoa hutoka katika maji yanayokimbia. Ndiyo maana mzigo wote wa utulivu huuangukia ubao.

Tuanze na ujazo. Kwa kanuni ya Archimedes, kila kinachoelea huondoa maji yenye uzito sawa na uzito wake, na lita moja ya maji ni kilo moja, ya maji ya bahari ikizidi kidogo. Mtu wa kilo 80, juu ya ubao wa kilo 10, pamoja na kafi, jaketi la kuokoa maisha na chupa ya maji ya kunywa, ni shehena ya kilo 92 hivi. Basi kwa lita 90 na ushei ataelea, lakini ataelea sitaha ikiwa sawasawa na uso wa maji, na kila atakapohamisha uzito upande mmoja ukingo utazama. Anayeanza anahitaji walau maradufu ya kiasi hicho. Ubao wenye urefu wa sentimita 320, upana wa 81 na unene wa 15, lau ungekuwa sanduku la pembe nne, ungekuwa na lita 389. Lakini kwa kuwa omo na tezi zimeviringwa, hubaki kama lita 300, na hizo zamtosha mtu wetu kwa wasaa mkubwa. Ziko mbao za lita 100 au 120, zilizoundwa kwa mafundi wa kuchezea mawimbi, na muuzaji asiye mwangalifu huweza kumpa mwanafunzi mojawapo kwa kuwa ni nyepesi kubeba. Mwanafunzi huyo atashinda siku nzima akipanda na kuanguka.

Lakini ujazo peke yake hausemi lolote juu ya kupinduka, na hapa ndipo upana unapoingia. Ubao unapolala upande, sehemu iliyo mbali na mstari wa katikati huzama zaidi kuliko iliyo karibu, na papo hapo huinua kwa wenzo mrefu zaidi. Na kwa kuwa kupanua ubao ni kuongeza sehemu za namna hiyo, mambo matatu huongezeka pamoja, hata uwezo wa ubao kujirudisha sawa hukua kwa mchemraba wa upana. Linganisha ubao wa sentimita 76 na ule wa 86: tofauti ni sentimita 10 tu, lakini ukigawanya 86 kwa 76 na jibu ukalizidisha lenyewe mara tatu, utapata 1.45, maana yake utulivu umeongezeka kwa karibu asilimia 45. Ukiuongeza urefu kwa asilimia 10, utulivu huongezeka kwa asilimia hiyo hiyo 10 wala si zaidi. Mtu mzito, ambaye ubao wake huzama zaidi, na mtu mrefu, ambaye kitovu cha uzito wake kiko juu, wote wawili wana haja ya upana kuliko mtu mdogo. Na kwa hisabati hiyo hiyo twafahamu kwa nini anayepiga magoti hatikisiki, maana ubao haukubadilika, ila kitovu cha uzito kimeshuka.

Je, urefu hauna faida? Unayo, nayo ni kasi. Chombo kinachokata maji huchimba wimbi lake chenyewe, na mwendo ambao kikiupita huanza kupigana na wimbi hilo hutegemea kipeuo cha pili cha urefu wake: kwa ubao wa futi kumi na nusu ni karibu kilomita 8 kwa saa, na kwa ule wa mashindano wa futi 14 ni karibu kilomita 9.3. Anayeanza huenda kama kilomita 5 kwa saa, na mara nyingi chini ya hapo, hivyo hatafika kwenye mpaka wa ubao mfupi, seuze wa mrefu. Anayelipia futi 14 katika mwaka wake wa kwanza analipia mwendo asioweza kuutumia, na kwa kuwa mbao hizo huwa na upana wa sentimita 60 na kidogo, analipia vilevile kuanguka.

Siku hizi mbao nyingi zinazouzwa kwa wanaoanza ni za kujazwa upepo, na wengi huzidharau kwa kudhani ni jamii moja na maboya ya watoto, jambo lisilo la haki hata kidogo. Ndani yake, kati ya sitaha na tumbo, mna maelfu ya nyuzi zilizofumwa zikiunganisha pande hizo mbili, zote za urefu mmoja, ili upepo unapojaa, ubao usivimbe duara bali ubaki bapa. Ufumaji wa jinsi hii ulitumiwa na kampuni ya Goodyear ya Marekani katika ndege ya kujazwa upepo, Inflatoplane, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1956. Ubao ukijazwa pauni 15 kwa kila inchi ya mraba, msukumo unaotaka kuzitenganisha pande zake ni zaidi ya tani 10 kwa kila mita ya mraba, na nyuzi hizo nyembamba ndizo zinazouzuia. Ugumu huo ndio unaomruhusu mtu kusimama. Mwanafunzi anayechoka na pampu akafika pauni 8 tu akaridhika, hukuta ubao umebonyea katikati na ncha zimeinuka, akailaumu miguu yake mwenyewe.

Unene nao una hukumu yake. Ubao wa sentimita 15, kwa ngozi na upepo ule ule, haupindiki kirahisi kama ule wa sentimita 10. Ugumu wake huwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mbao za sentimita 10 zamfaa mtoto au mtu mwepesi sana. Kwa jua letu naongeza hadhari moja: ubao uliojazwa pauni 15 asubuhi, joto likiwa nyuzi 25, ukiachwa mchangani hata ndani yake mkafika nyuzi 60, msukumo hupanda ukapita pauni 18, na gundi ya mishono haikuumbwa kwa ukatili huo; upunguze upepo kidogo au uweke kivulini. Mbao ngumu, za povu lililovikwa kitambaa cha kioo na gundi ya epoksi, hukata maji vizuri zaidi na hazitaki pampu, lakini hupasuka zikigonga mwamba na hudai mahali pa kuwekwa. Kwa anayeishi katika vyumba viwili mjini, jambo hilo peke yake lamaliza ubishi.

Chini ya tezi hukaa pezi, ambalo kazi yake ni ile ya mkuku, kuuzuia ubao usizunguke kila kafi linapovutwa. Pezi la kawaida hushuka kama sentimita 23, nalo ni zuri penye kina, ila katika ufuo wa mashariki wa Unguja, ambako maji yakipwa huacha matumbawe yakiwa yamefunikwa kwa kimo cha goti au pungufu, pezi hilo hugonga, ubao hukwama ghafla na aliye juu huendelea mbele. Huko chagua pezi fupi linalopindika. Na kafi liwe na urefu wa kimo chako na shibiri moja juu yake. Bapa lake limepindwa kidogo kutoka kwenye mpini, na upindo huo lazima uelekee mbele, kwenye omo. Wengi huligeuza, kwa kuwa macho huona kwamba kikombe kinachoelekea nyuma kitachota maji mengi zaidi, kumbe bapa likielekezwa mbele hubaki wima kwa muda mrefu zaidi wa mvuto na hutoka bila kuinua maji.

Namna ya kuanza yafuata hesabu hiyo hiyo. Ingia maji ya mapajani, pezi likiwa huru. Panda kwa magoti, kila goti upande wake wa mshikio wa katikati, maana hapo ndipo mizani ya ubao. Piga kafi ukiwa umepiga magoti mpaka ubao uende, kisha weka mguu mmoja mahali pa goti, halafu wa pili, macho yakitazama upeo wa bahari wala si vidole vya miguu. Ukiisha kusimama, usingoje. Piga kafi mara moja, kwa sababu bapa lililozama na linalovutwa ni tegemeo, na lililo hewani si kitu. Ukihisi unaanguka, jitupe mbali na ubao, bapa bapa, kwani hujui kina. Kamba ya mguuni isikuachie baharini hata dakika moja. Mtoni penye mkondo, kama Nile kule Jinja, kamba hufungwa kiunoni kwa pingu inayofunguka kwa mvuto mmoja, kwa kuwa mtu aliyenaswa na mti chini ya mkondo hawezi kuufikia mguu wake.

Lililobaki ni upepo na maji, na katika hili bahari yetu ina kanuni zilizo wazi. Mtu aliyesimama ni tanga, na upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake juu ya mwili huwa mara nne. Miezi ya malelezi, kusi na kaskazi zinapopokezana, ndiyo yenye utulivu mwingi. Katika miezi mingine tumia saa za mapema. Uogope zaidi upepo unaokufurahisha, yaani umande utokao bara, kwa maana huyalaza maji ya ufuoni yakawa kama kioo, na huku unakusukuma nje. Ukikushika, piga magoti, na ukizidi, lala kifudifudi juu ya ubao, kafi chini ya kifua, upige maji kwa mikono. Siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katika Mombasa na Unguja hupwa karibu saa nne asubuhi, wakati ule ule ambao wageni hupenda kuingia. Milango ya hori, kama ya Mida huko Watamu, hukimbiza maji kwa nguvu ambayo mwanafunzi hana. Siku za maji mafu mambo ni kinyume: maji hujaa karibu saa hizo hizo za asubuhi, na mkondo ni dhaifu. Siku yako ya kwanza iwe mojawapo ya hizo.

Kwa mtu mzima wa kilo 60 hadi 85, basi, ubao wa kwanza uwe na upana wa sentimita 81 hadi 86, unene wa 15, urefu wa 320 au karibu yake, na lita zisizopungua 250. Aliye mzito zaidi aongeze upana kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Muulize muuzaji upana na lita kabla ya kumuuliza bei, na akishindwa kukutajia, nenda kwa mwingine.