Brassaï, Berlin na Mwanga wa Ukutani

Picha nyingi za grafiti zinazopigwa katika miji ya Ulaya zina kasoro moja: mpigaji ameutazama mchoro, hakuutazama mwanga. Ameona rangi kali, akasimama mbele yake, akabonyeza, akaenda zake. Lakini ukuta uliokwaruzwa na ukuta uliopakwa rangi hazitaki mwanga mmoja, na anayetaka kuielewa tofauti hiyo aende Paris kwanza, kisha Berlin.

Paris ni kwa sababu ya mpigapicha Brassaï, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gyula Halász. Aliingia mjini humo mwaka 1924, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaanza kupiga picha za alama zilizochimbwa kwenye plasta ya kuta za mitaani: mioyo, mafuvu, nyuso ambazo macho yake ni matundu mawili tu. Aliyechora alikuwa na msumari au kisu. Mchoro na ukuta vina rangi ileile, kijivu juu ya kijivu, na umbo lote limo ndani ya kina cha milimita chache. Mwanga ukiupiga ukuta huo kwa mbele, tundu na ukingo wake vinaangazwa sawasawa na sura inapotea. Ukija kwa ubavuni, karibu sambamba na ukuta, ukingo mmoja unang'aa na wa pili unazama kivulini. Zitazame nyuso zake kwa makini: macho ni meusi tii, na kuyazunguka kuna mstari mwembamba mweupe upande mmoja tu. Mstari ule ni kazi ya mwanga, mchoraji hakuuweka.

Alitumia kamera ya Voigtländer Bergheil yenye sahani za kioo za sentimita 6.5 kwa 9, na sahani huingizwa moja moja. Kwa kamera ya namna hiyo huwezi kupiga picha hamsini halafu uchague. Unachagua saa kwanza. Tena alikuwa na daftari dogo la mfukoni, anachora humo alama aliyoiona na kuandika anwani yake, ili arudi hata baada ya miaka kuona ukuta umebadilikaje. Mimi daftari lile nalihesabu kuwa sehemu ya vifaa vyake vya kazi, sawa na lenzi. Mwaka 1956 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilizitundika picha hizo ukutani kama sanaa kamili.

Mwanga huohuo wa ubavuni ndio unaofaa kwa majahazi yaliyokwaruzwa kwenye plasta ya magofu ya Kilwa na Gedi. Aliyewahi kwenda huko saa sita mchana akaambulia ukuta mtupu, arudi jua likiwa chini, au aulize kama anaruhusiwa kumulika tochi kwa ubavuni.

Sasa Berlin. Kando ya mto Spree kimebaki kipande cha Ukuta wa Berlin chenye urefu wa mita 1,316, kilichochorwa mwaka 1990 na wasanii 118 kutoka nchi 21. Ndiyo East Side Gallery. Hapa mwanga wa Brassaï unaharibu: ukiupiga ukuta wa rangi kwa ubavuni, kila kipele cha zege kinatoa kivuli na rangi inatiwa madoa. Rangi inataka mwanga uliotulia, unaofika kila mahali kwa kiasi kimoja.

Upande maarufu unatazama mtaa wa Mühlenstraße, yaani kaskazini mashariki. Jua huupiga asubuhi tu. Mchana linahamia nyuma ya ukuta na michoro inabaki kivulini. Wengi hulalamikia kivuli hicho. Mimi naona ndiyo saa ya kufanya kazi, ila mambo mawili yaangaliwe. Anga iliyo juu ya ukuta inawaka, na kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe itaufanya ukuta kuwa giza. Pima mwanga ukiwa umeujaza ukuta mtupu kwenye fremu. Pili, kivuli cha mchana huleta ubluu. Piga picha moja ya kadi ya kijivu mahali hapohapo, uitumie kusahihisha rangi baadaye. Flashi iache mfukoni: inaacha doa jeupe katikati ya mchoro.

Kuhusu vipimo, Ukuta huu ni rahisi ajabu. Urefu wake kwenda juu ni mita 3.6, kwa hiyo katikati yake ni mita 1.8, kimo cha macho ya mtu mrefu. Inua kamera kidogo tu, ishike wima bila kuilaza nyuma, na mistari yote itanyooka. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili, umbali wa mita 5.25 unaingiza kimo chote na upana wa mita 5.4. Ukitaka kuunganisha mchoro mrefu, usisimame mahali pamoja ukageuza shingo. Tembea sambamba na ukuta, hatua ya mita 3.6 kila picha, ili theluthi moja iingiliane na iliyotangulia. Ukuta uko bapa, kwa hiyo vipande vitaungana. Nguzo au baiskeli iliyo mbele yake itatokea mara mbili.

Majengo marefu ni shida nyingine. Ukiielekeza kamera juu, kuta zinabanana kileleni kama paa la msonge. Rudi nyuma kadiri mtaa unavyoruhusu, utumie lenzi ndefu zaidi.

Kurudi nyuma kuna faida kubwa kuliko mistari. Mtaani Cuvrystraße, Kreuzberg, msanii wa mitaani Blu alichora mwanamume asiye na kichwa, mikono imefungwa kwa saa mbili za dhahabu zilizounganishwa kwa mnyororo. Chini yake palikuwa na kiwanja wazi walikokuwa wakiishi watu kwenye vibanda. Desemba 2014 michoro yake ya hapo ilipakwa rangi nyeusi, kwa ridhaa yake mwenyewe. Anayeitazama leo picha iliyokata kiwanja anaona katuni nzuri. Anayeitazama ile iliyokiacha anaona pia mahali iliposimama.

Sheria nayo ina mpaka wake. Kifungu cha 59 cha sheria ya hakimiliki ya Ujerumani kinaruhusu picha za kazi zilizowekwa kwa kudumu mahali pa wazi, zikipigwa kutoka barabarani. Uingereza ruhusa kama hiyo inahusu majengo na sanamu, si michoro ya ukutani. Uliza kabla ya kuuza.

Mwisho, tarehe. Busu la viongozi wa kikomunisti Brezhnev na Honecker kwenye East Side Gallery, ambalo Dmitri Vrubel alilichora kwa kufuata picha ya Régis Bossu ya mwaka 1979, lilifutwa na kuchorwa upya na Vrubel mwenyewe mwaka 2009. Picha ya busu hilo isiyo na tarehe haimwambii mtazamaji anaangalia rangi ya 1990 au ya 2009. Wewe mwenye picha za kuta kwenye simu yako, leo hii andika mtaa, mwaka na jina la msanii kando ya kila moja.