Saa za Ofisini na Matunda ya Kazi

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na vinyago peke yake; umo pia katika namna watu wanavyoipima kazi. Katika mashamba ya mkonge ya wakoloni, kibarua alihesabiwa siku zake kwa kipande, na siku 30 zilipotimia ndipo alipolipwa. Kipande kimetoweka, lakini fikra yake imesalia katika daftari la mahudhurio: aliyetia sahihi asubuhi na kuondoka saa 9:30 alasiri hudhaniwa kuwa amefanya kazi.

Serikali iliiona kasoro hiyo. Julai 2004 ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi badala ya tathmini ya siri, ili mtumishi na mkuu wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapima mwishoni. Baadaye nafasi yake ilishikwa na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Nia ni njema. Hata hivyo yatupasa kuuliza: matokeo ni nini, na ni nani ayahukumuye?

Tuitazame Newala. Juu ya uwanda wa Makonde mvua hudidimia mchangani, na chemchemi ziko mabondeni. Kwa miaka mingi akina mama waliteremka na kupanda miteremko hiyo wakiwa na maji kichwani. Siku hizi mitambo huyasukuma maji kutoka bondeni hadi juu. Basi tokeo la kazi ya maji ni maji yenyewe kufika kwa mwananchi. Mkutano uliofanyika na fomu iliyojazwa si maji. Lakini mitambo ikikosa umeme, si haki kumlaumu fundi. Mtu hupimwa pamoja na zana alizopewa.

Masasi nako mkorosho una saa yake. Salfa ya kuzuia ubwiri unga ikichelewa hata ugonjwa ukaenea katika maua, bwana shamba aweza kuwa hakukosa ofisini hata siku moja, na mkulima asivune kitu. Hapa wakati haudharauliwi. Hupimwa kwa msimu, si kwa kengele.

Wala mwalimu asidhani kuwa mahudhurio si kitu, kwa maana kiti kitupu hakifundishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari na litunzwe, ila tusilidhanie kuwa ndilo mali. Aliye na haki ya kusema kazi imefanyika ni yule aliyefanyiwa: mwenye ndoo, mwenye shamba, na mtoto aliyejua kusoma.