Sauti Moja, Watu Arobaini

Kwenye vibanda umiza vya Arusha, vile vya kuonyeshea video, ratiba ya Jumamosi huandikwa kwa chaki kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni. Saa nne asubuhi muvi ya ngumi, saa sita ya kivita, saa nane sizoni ya Kikorea. Jioni kila kitu kinasimama kupisha mpira wa Uingereza, na mpira ukiisha muvi zinaendelea mpaka majirani waanze kulalamika. Kiingilio ni shilingi mia chache, sarafu mbili tatu tu. Mpenzi wa kweli akishasoma ubao hatoi hela papo hapo. Anamgeukia mwenye kibanda na kumuuliza: imetafsiriwa na nani?

Huko Marekani, mashabiki wa katuni na sinema walianza kukutana San Diego mwaka 1970, na siku hizi mkutano wao hujaza jiji. Nairobi, safari ya saa chache kwa basi kupitia Namanga, kuna mkutano kama huo, NAICCON, ambako vijana hufika wamevaa mavazi ya mashujaa wanaowapenda. Chini ya Mlima Meru wikiendi ya shabiki ina sura nyingine. Ukumbi ni chumba cha mabati huko Ngarenaro au Unga Limited, viti ni mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa kwa turubai ili mwanga usipige kioo cha runinga. Ndani yuko dereva wa bodaboda aliyeegesha pikipiki mahali anapoweza kuichungulia, fundi gereji ambaye grisi haijamtoka vidoleni, mlinzi wa Kimaasai aliyetoka lindo la usiku, na wanafunzi waliowaaga wazazi kwamba wanakwenda kujisomea. Mtu anayewaweka wote kwenye mkondo mmoja hayumo chumbani. Wanaisikia sauti yake tu, na wanaijua vizuri kama sauti ya ndugu yao.

Huyo ndiye mtafsiri wa sinema, dijei kama mashabiki wanavyomwita. Kazi yake inadharauliwa na watu wengi ambao hawajawahi kuisikiliza kwa makini. Vifaa vyake ni vichache: muvi yenyewe, kipaza sauti, na mashine ya kuchanganyia sauti. Sauti ya asili haiui. Huishusha anapozungumza na kuipandisha risasi zinapolia au mwanamke anapopiga ukunga, kwa hiyo mtazamaji anasikia tabaka mbili kwa pamoja. Peke yake anambeba stelingi, adui, mama mzazi wa stelingi, polisi aliyehongwa na mtoto aliyetekwa. Watu arobaini wanaweza kupita kinywani mwake kwa saa moja na nusu bila msikilizaji kuchanganya nani ni nani. Papo hapo anasimulia, anaeleza mila za ugenini, anamwonya stelingi asiingie chumba kile, anamlaani msaliti kabla usaliti haujaonekana.

Mfano mzuri ni Ip Man ya mwaka 2008, ambamo Donnie Yen anaigiza mwalimu wa kung-fu wa mji wa Foshan wakati China imevamiwa na Wajapani. Watu wana njaa. Jeshi la wavamizi linawaalika Wachina kupigana na wanajeshi wa Kijapani wanaojua karate, na anayeshinda anaondoka na mfuko wa mchele. Mwalimu mmoja anapigwa risasi akiwa anaokota mfuko wake. Hapo Ip Man anadai kupigana na watu 10 kwa mpigo.

Sasa fikiria tatizo la dijei wetu. Wahusika wanazungumza Kikantoni na Kijapani, maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya kioo kwa herufi ndogo, na aliyekaa benchi la nyuma hawezi kuyasoma hata angekuwa anakijua Kiingereza. Dijei mbabaishaji atasubiri ngumi zianze kisha apige kelele mwanzo hadi mwisho. Aliye hodari hufanya kazi yake mapema. Wakati mlango unafunguliwa na wale 10 wanajipanga, ana sekunde chache za ukimya, na katika sekunde hizo anawakumbusha watu kwamba mchele ule ulikuwa uende kwa watoto, kwamba marehemu alikuwa rafiki, kwamba huyu bwana mpole tangu muvi ianze hajawahi kumpiga mtu kwa hasira na leo itakuwa mara ya kwanza. Kisha ananyamaza. Mifupa inasikika yenyewe. Chumba kizima kinapiga kelele badala yake, naye hurudi mtu wa mwisho akishalala chini. Kujua pa kunyamaza ni nusu ya ufundi huu, na hakuna chuo kinachoufundisha.

Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, aliwafuatilia wasimulizi wa video wa Tanzania na kuandika makala ambayo jina lake linasema watu hawa wanageuza wali kuwa pilau. Mfano huo umekaa mahali pake: mchele ni uleule ulioletwa na meli, ila viungo ni vya mpishi. Krings alimweka mbele Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Lufufu, mtu ambaye kanda zake zilisambaa nchini na ambaye wengi waliokua wakienda kwenye vibanda vya video huikumbuka sauti yake kuliko sura za waigizaji. Katika kitabu chake African Appropriations cha mwaka 2015, Krings pia alieleza jinsi Titanic ilivyopata maisha mapya barani Afrika, pamoja na kijitabu cha katuni cha Joshua Amandus Mtani kilichosimulia mkasa ule kwa Kiswahili. Kwa hiyo mchora katuni na mwenye maiki ni watu wa karakana moja: wote wawili walichukua hadithi ya mbali wakaipa wasomaji na wasikilizaji ambao haikuwa imeandaliwa kwa ajili yao.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema za elimu, Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Filamu zake zilizungushwa vijijini kwa lori, na maelezo yalitoka kwenye sahani za santuri au kwa mkalimani aliyesimama na kipaza sauti. Waliobuni mradi walitaka mkalimani afundishe kilimo na usafi. Hawakujua wanaonyesha watu kwamba picha inaweza kuzungumzwa upya na mtu aliyesimama kando yake. Uganda, ambako madijei wa sinema huitwa vijei, nako kazi hii ilikua ikashamiri mpaka ikawa ajira inayojulikana mitaani.

Wajapani walipitia njia hiyo kabla. Enzi za sinema bubu walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliokaa kando ya pazia na kusema maneno ya wahusika wote, na mabango yalitaja majina yao kwa herufi kubwa kwa sababu watu walilipa kwenda kuwasikia. Heigo Kurosawa, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Sinema zenye sauti zilipoingia kazi ikafa, naye alijiua mwaka 1933. Dijei wa Afrika Mashariki alizaliwa ndani ya sinema zenye sauti. Hakuja kujaza ukimya. Alikuja kushindana na kelele za watu wengine, na akashinda.

Arusha ina sababu yake ya kulijua pengo analoliziba dijei. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alifika Tanganyika na waigizaji John Wayne, Hardy Krüger na Elsa Martinelli kupiga picha za Hatari!, muvi iliyotoka mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha ya wahusika inaonyeshwa Momella, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru. Waigizaji wenyewe walipanda magari wakakimbiza vifaru, na kazi ya kamera ikampa Russell Harlan nafasi ya kuwania tuzo ya Oscar. Mwandishi wa mswada alikuwa Leigh Brackett, bibi wa hadithi za kisayansi ambaye baadaye aliandika rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, kwa hiyo shabiki wa Star Wars akienda Momella anakwenda kwa ndugu. Krüger alipapenda mahali pale akanunua shamba na kuishi hapo miaka kadhaa. Jina la muvi ni la Kiswahili. Mlima ni wetu, maziwa ni yetu, wanyama ni wetu. Lakini mazungumzo karibu yote ni Kiingereza, na mtoto wa Ngarenanyuki angeweza kuitazama kwa saa mbili na nusu asijue wale wageni waliokaa nyumba ya jirani wanagombania nini.

Muvi hiyo ndiyo inayostahili dijei kuliko zote. Angemwambia mtoto yule kwamba vumbi lile ni la kwao, angemtajia njia ya kushuka ziwani, na angewapa kauli wapagazi na wafuatiliaji wanyama ambao mswada uliwaacha wakisimama pembeni.

Kuna namna nyingine ya kutafsiri, na si ya kubezwa. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili zilizorekodiwa na waigizaji kadhaa, kila mhusika na mtu wake, midomo ikifuatiliwa kwa uangalifu. Ilipendwa sana majumbani. Kazi ile ilikuwa nadhifu. Ila haikuwa na mtu wa kukugeukia na kukuambia kwamba huyu mama mkwe ana lake jambo.

Suala la haki haliwezi kurukwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na wenye muvi wa Hong Kong na Hollywood hawakuombwa ruhusa wala kulipwa. Wanayo haki ya kulalamika. Na dijei naye ameibiwa vilevile: kanda yake ilidurufiwa Kariakoo, ikadurufiwa tena stendi ya Arusha, na kila nakala ilimpa mtu mwingine mkate. Maneno aliyoyaongeza, yale ambayo hayamo kwenye mswada wowote, ni utunzi wake, na ni fasihi simulizi ya mijini ambayo vyuo vyetu vimechelewa sana kuikusanya. Kanda za VHS zinaoza.

Waganda wa Wakaliga hawakusubiri kukusanywa. Nabwana Isaac, aliyeanzisha Wakaliwood kwenye mtaa huo wa Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, na toleo lililozunguka dunia kupitia YouTube lina sauti ya VJ Emmie mwanzo hadi mwisho, akitania, akihamasisha, akiitangaza muvi ndani ya muvi. Crazy World, kazi nyingine ya Nabwana, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019. Watazamaji wa mbali waliokutana na msimulizi kwa mara ya kwanza hawakutaka atolewe.

Arusha ni mji unaoelewa mambo haya bila kufundishwa. Ndio mji wa X Plastaz, kundi lililoanza mwaka 1996 na kuiingiza sauti ya Kimaasai ndani ya hip hop mpaka hakuna aliyeweza kusema ipi ni mgeni wa mwenzake. Leo vijana wengi wanarushiwa muvi kwenye simu, na kibanda kinaishi zaidi kwa mpira. Muvi zenyewe lakini bado zinaombwa kwa jina la dijei, na aliyekosa sizoni ya Jumapili huhadithiwa Jumatatu kwenye kijiwe cha bodaboda Kwa Mrombo: mwenzake anaiga sauti yote, vikohozi na vicheko, anafika pale Jumong, stelingi wa sizoni ya Kikorea, anapovuta upinde, abiria anatokea anataka kwenda Sokoni, na wanaanza kubishana nani ampeleke kwa sababu hakuna anayetaka kuondoka.