Ukimya wa Daktari katika Msimbo C91.00: Tahakiki ya Lugha ya Uainishaji wa Lukemia

Mfumo wa ICD-10-CM, unaotumika Marekani tangu Oktoba 1, 2015 kuainisha magonjwa, huchukuliwa kuwa orodha ya namba tu. Ukisomwa kama matini, hubainika kuwa unasimulia. Katika lukemia kali ya limfoblasti, C91.00 ni ya mgonjwa ambaye maradhi yake hayajatulia, C91.01 ni ya yule ambaye yametulia, na C91.02 ni ya yule ambaye yamemrudia. Tarakimu moja ya mwisho hufanya kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na viambishi vya njeo.

Udhaifu umo katika C91.00. Chini ya msimbo huo yamewekwa pamoja mambo mawili yasiyofanana: ugonjwa uliokataa kutulizwa na tiba, na ugonjwa uliotajwa bila maelezo zaidi. Kwa hiyo daktari anayeandika jina la ugonjwa na kunyamaza, ukimya wake husomwa sawa na kushindwa kwa tiba. Mtoto ambaye uboho wake umekwisha kusafika huweza kubaki katika jalada kama ambaye hajapata utulivu, kwa kukosa neno moja. Takwimu zinazojengwa juu ya majalada hayo hurithi kosa hilo bila kulionyesha.

Mwongozo rasmi wa mfumo huo unaagiza kwamba maelezo yakiwa na utata kuhusu utulivu wa ugonjwa, daktari aulizwe. Agizo ni jema, ila linamtegemea karani aliyekwisha kuingiwa na shaka. Ukimya hauonekani kuwa utata. Msimbo uko tayari kuupokea, na swali haliulizwi.

Kosa la upande wa pili ni Z85.6, msimbo wa historia ya lukemia. Mtoto aliyetulia lakini bado anameza merkaptopurini na methotreksati, kwa muda unaoweza kufika miaka miwili au zaidi, hastahili msimbo huo. Kumpa ni kuigeuza tiba inayoendelea kuwa jambo lililopita.

Mtafsiri wa Kiswahili naye ana kazi hapa. "Kupona" huahidi kupita kiasi. "Nafuu" ni finyu, maana hata homa ikishuka jioni mgonjwa husemwa amepata nafuu. "Kutulia" kunafaa zaidi: kilichotulia chaweza kuchafuka tena, na ndiyo maana C91.02 ipo.