Karagwe ya Kale: Michoro ya Grant na Ng'ombe wa Chuma
James Grant, aliyezuiliwa na maradhi ya mguu kwa mfalme Rumanyika mwaka 1862, aliichora Karagwe, nchi iliyofika hadi ukingo wa Kagera, ilipo Murongo leo. Michoro yake, iliyotumika katika kitabu cha Speke cha 1863, yashika kwa uaminifu mavazi, silaha na maumbile ya watu. Lakini hazina ya kifalme ya Bweranyange ilihifadhi ng'ombe wa chuma, wenye mwili sahili na pembe ndefu zilizopinda. Mwenye kupima kwa jicho ataona kosa. Kumbe mhunzi alikuza palipokuwa na utajiri na heshima ya ufalme. Basi mwenye kutafuta sura ya Karagwe na amtazame Grant. Mwenye kutafuta tunu zake na amwendee mhunzi.